Mwanamume wa Kwenye Pazia

Mjomba wangu ana studio ya picha Ujiji, na ndani yake kuna pazia alilolichora mwenyewe kabla mimi sijazaliwa. Watu wanaliita msitu. Mteja akiingia anauliza, "Leo tunapiga msituni au kwenye shuka jeupe?" Shuka jeupe ni la picha za paspoti. Mengine yote, harusi, Idi, mtoto kutimiza mwaka, mtu kununua suti, yanapigwa msituni.

Pazia lenyewe ni vipande vinne vya kitambaa cha marekani vilivyoshonwa pamoja, toka darini hadi sakafuni. Kuna miti minene ambayo hapa kwetu hakuna anayejua jina lake, mashina yake yameota ukungu wa kijani, kuna kijito kinachopita kati ya mawe, na mwanga wa njano unaoingia kutoka kushoto. Katikati ya miti hiyo kuna watu wanne. Mwanamke amekaa juu ya mzizi, amevaa gauni jekundu. Mbali kabisa wako wawili wanaondoka, mmoja amebeba kitu begani. Na karibu zaidi, upande wa kulia, kuna mwanamume mwenye kofia, amesimama, amenyoosha mkono kushika mti.

Huyo wa mwisho ndiye aliyenitesa.

Mjomba alipokuwa kijana alikuwa akifua na kupiga pasi kwa Mzungu mmoja, mhandisi, aliyekuwa akikaa kwenye nyumba za juu kule Kigoma mjini. Sebuleni kwa huyo Mzungu kulikuwa na picha kubwa ya msitu wa kwao, wa zamani, wenye watu ndani. Mjomba hajui nani aliichora. Alikuwa akipiga pasi huku akiitazama, mashati yakaungua mawili matatu, akaitazama tu. Yule Mzungu alipohama aligawa sahani, mapazia, hata baiskeli, lakini picha aliifunga kwenye blanketi akaondoka nayo. Mjomba akanunua marekani na rangi akaichora upya kutoka kichwani mwake. Nyuso za wale watu zilikuwa kivulini, kwa hiyo yeye alizipaka kahawia. Kumbuka hilo la kahawia, maana bila hilo nisingekuwa na habari ya kusimulia.

Mimi nilikuja kwake nikitokea Dodoma, ambako nilisoma kompyuta na kuishia kutoa fotokopi kwenye steshenari ya watu. Mama alinipigia simu. "Mikono ya kaka yangu inatetemeka," alisema. "Picha zinatoka zimecheza. Nenda kamsaidie." Nikaenda, nikidhani ni kwa miezi mitatu.

Nilichokikuta ni mzee anayegombana na wateja juu ya mwanga. Mtu amekuja na mtoto mchanga anayelia, mjomba anamwambia, "Geuka, mwanga unatoka kushoto." Mwanga wenyewe ni wa kuchora. Taa yetu halisi iko kulia, kwa sababu soketi iko kulia. Basi kila siku nyaya zinavutwa kukatiza sakafu, watu wanajikwaa, ili tu jua la pazia lisipingane na taa ya studio. Nikimwambia hakuna atakayegundua, ananijibu, "Mimi nagundua."

Na halafu yule mwanamume. Mjomba alimchora mahali pabaya kabisa. Mteja akisimama, kofia inachungulia juu ya bega lake. Mteja akikaa kwenye stuli, ule mkono unaoshika mti unatokea pale pale begani, na uso wa bwana uko karibu na sikio, kama mtu anayenong'ona. Wateja walilalamika kabla yangu na waliendelea kulalamika mbele yangu. Baba mmoja alirudisha picha ya familia akisema, "Hapa tuko sita, sisi ni watano." Mwalimu mmoja wa Gungu alisema anafanana na shemeji yake na hawaongei.

Nilimwambia mjomba, si mara moja, "Mfute tu huyu mmoja. Wengine wabaki."

"Nimfute aende wapi?"

"Haendi popote, mjomba. Ni rangi."

"Alikuwepo kwenye picha ile. Siwezi kusema hakuwepo."

"Lakini wateja wanalalamika."

"Wasogee."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Mwaka wa nne nilipata kamera nzuri iliyotumika, na nikajifunza kwenye kompyuta kufifisha nyuma, ile namna ambayo mtu anaonekana vizuri na vilivyo nyuma yake vinakuwa kama ukungu. Nilijivunia sana. Picha zetu zikaanza kuonekana za kisasa, watu wakaja mpaka kutoka Bangwe. Sikujiuliza ukungu huo unamfanyia nini yule bwana.

Wiki moja baada ya Idi akaja binti mmoja wa Gungu, anasomea uuguzi, mpole, amevaa gauni la bluu mpauko na mtandio wa rangi hiyo hiyo. Alikuwa ameposwa. Mchumba wake anafanya kazi Tabora na aliomba picha nzuri ya kuweka kwenye simu. Nikamkalisha kwenye stuli. Mjomba akamgeuza kushoto. Nikapiga, nikaisafisha, nikafifisha nyuma, nikamtumia kwenye simu yake akiwa bado amesimama mlangoni. Alitabasamu akasema, "Asante, dada. Nimependeza kweli."

Wiki moja baadaye mama yake akaingia studio amefunga khanga kiunoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaweka simu mezani akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima, taratibu kabisa, haina hata hasira.

"Mimi nauliza tu. Huyo mwanamume aliyemwekea mtoto wenu mkono begani ni nani. Na huo msitu ni wa wapi. Maana mimi nimezaliwa huku, msitu kama huo siujui."

Huyo alikuwa shangazi wa mchumba, anakaa Rusimbi. Ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki, na picha ilipotoka Tabora ikamfikia yeye, aliivuta kwa vidole mpaka akauona mkono.

"Nieleze," mama alisema, "ili na mimi nikaeleze."

Nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya kaunta nikamwonyesha pazia. Alimtazama yule mwanamume kwa muda, akanyoosha kidole akamgusa kofia, kisha akajifuta kidole kwenye khanga. Alisema kitu kwa Kiha, polepole, ambacho sikukidaka, halafu akakaa kwenye ile ile stuli ya binti yake.

"Siku nne silali," alisema. "Mtoto hali. Nimemuuliza mpaka akaniambia, mama, unanijua mimi au hunijui. Kumbe ni nguo."

"Ni nguo, mama. Samahani sana."

"Mimi nimeamini. Nitakwenda Rusimbi kumweleza mwenyewe."

Akaondoka. Nikajua yamekwisha. Mjomba aliporudi kutoka sokoni nikamsimulia, nikitegemea angalau ashtuke, aseme pole. Alikaa kwenye benchi akaweka mfuko wa dagaa chini.

"Alidhani ni mtu kweli?"

"Ndiyo, mjomba. Uchumba ulikuwa unataka kuvunjika."

"Mtu mzima, na simu mkononi, akavuta, akadhani ni mtu."

"Ndiyo."

"Kweli alidhani?"

Alifurahi. Alifurahi waziwazi, uso mzima ukamlegea, na aliniuliza mara ya nne wakati akichukua udhu kwenda kuswali alasiri. Nilisimama pale nikamtazama akivuka barabara na kanzu yake, anatembea kama mtu aliyepewa cheti, nikahisi kichwa kinapata moto. Mtoto wa watu amekaa siku nne hali, na huyu anafurahia kofia.

Nyuma kulikuwa na kopo la rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka milango. Nikalifungua kwa bisibisi. Brashi ilikuwa ngumu nikailoweka kwenye mafuta ya taa. Nilianza na kofia, nikashuka usoni, nikamaliza na ule mkono, na ule mkono niliupaka mara mbili. Haikuchukua dakika kumi. Nikarudi kwenye kompyuta nikaendelea na kazi, na kusema kweli nilijisikia vizuri.

Mjomba hakuingia tena studio siku ile, alitoka msikitini akaunganisha kwenda kwenye mazishi. Kwa hiyo hakujua.

Kesho yake asubuhi, hata sijamaliza kufagia, wakaingia mama wa binti na mwanamke mrefu aliyevaa baibui jeusi lililopigwa pasi. Huyo mrefu aliniambia mwakeye, salamu ya asubuhi ya Kiha, nikamwitikia na kumwamkia kwa heshima zote.

"Nimesikia ni nguo," alisema. "Nimekuja kuiona."

Mama wa binti tayari alikuwa amemtangulia nyuma ya kaunta, ameinua mkono kuonyesha, na mkono ukabaki hewani. Pale alipokuwa mwanamume palikuwa na doa la kijani la ukubwa wa mtu, linang'aa, halifanani na kitu chochote katika msitu ule.

"Alikuwa hapa," mama alisema. "Jana nimemgusa."

Shangazi alisogea. Ni mfanyabiashara wa mawese, nilikuja kujua baadaye, mtu aliyezoea kunusa bidhaa kabla ya kuiamini. Akainama akanusa lile doa.

"Rangi mbichi."

"Nimempaka mimi," nilisema. "Jana. Ili asisumbue watu tena."

"Kwa hiyo kulikuwa na mtu, na sasa hayupo."

"Mtu wa kuchorwa, shangazi."

"Nimesikia unavyosema."

Mama wa binti alinitazama, na sitaki kueleza alivyonitazama. Nilianza kusema maneno mengi kwa haraka, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Katikati ya maneno hayo mjomba akaingia. Akasalimia wageni, akavua kofia, akaangalia pazia.

Alikwenda akasimama mbele ya lile doa, mikono nyuma. Bora angenigombeza.

"Mzee," shangazi alisema, "wewe ndiye mwenye studio. Hapa palikuwa na nini?"

"Palikuwa na mtu," mjomba alijibu bila kugeuka. "Miaka yote alikuwepo. Subirini."

Akatoa chini ya meza lile boksi la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Akazimwaga mezani. Watoto wenye soksi nyeupe, vijana na redio begani, maharusi, mwanajeshi, kina mama watatu wenye sare za kitenge. Na katika kila picha, nyuma, kofia na mkono. Nikashusha pumzi. Nilidhani hapo ndipo mwisho.

Shangazi alikaa akazipitia moja moja, hana haraka. Kisha akatoa simu yake akaiweka katikati ya zile picha.

"Huyu wa kwenye picha zenu ni wa kuchorwa," alisema. "Hata mtoto anaona. Pua yake ni mstari. Lakini huyu wa kwenye simu ni mtu. Ana nyama."

Nikainama nikaangalia, na alikuwa anasema kweli. Katika picha za mjomba, flashi ilimpiga yule bwana usoni mpaka kila alama ya brashi inaonekana. Katika picha yangu, ukungu wangu wa kisasa ulikuwa umefuta mistari yote, ukalainisha kofia, ukaunganisha vidole, ukambakizia rangi ya kahawia na kivuli. Miaka mitatu nilikuwa nikimlaumu mjomba kwa mtu wa kuchorwa, na aliyemfanya kuwa mtu ni mimi.

Ilinibidi niseme. Nilisema mbele ya wote watatu, na kuhusu kompyuta nilieleza vibaya, maana hata mimi nilikuwa nimechanganyikiwa. Shangazi akasikiliza.

"Basi nifanyie na mimi hivyo hivyo," alisema, "nione."

"Hayupo, shangazi. Nimemfuta."

"Arudi."

Mjomba alikuwa ameshafungua kabati la rangi. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa akaanza kukwangua kijani changu, ambacho kwa bahati hakikuwa kimekauka, maana hewa ya ziwa ilikuwa nzito. Nusu ya yule mwanamume ilitoka pamoja na kijani. Akaanza kumchora upya. Mkono wake wa kulia ulitetemeka, akaushikilia kwa wa kushoto, na akaendelea namna hiyo, mikono miwili kwenye brashi moja. Mimi nilishika kopo. Mara moja tu aliongea nami.

"Hii kijani ya mlango wa choo," alisema. "Umeona jani gani la rangi hii?"

Wale wanawake wawili hawakuondoka. Walikaa kwenye benchi la wateja saa nzima na zaidi, mwanzoni kila mmoja akitazama upande wake, halafu mama akauliza habari za bei ya mawese, shangazi akajibu, halafu wakawa wanamwelekeza mjomba. Kofia iko juu mno. Hapana, ilikuwa hivyo hivyo. Bega la kushoto, mzee, bega limeshuka. Nilitoka nje kununua chai na vitumbua nikakaa kidogo barabarani, kwa sababu nilihisi nitalia au nitacheka na sikujua kipi.

Rangi ikiwa bado mbichi, shangazi akakaa kwenye stuli. Mjomba akamgeuza kushoto, naye akageuka bila ubishi. Nikapiga, nikaingiza kwenye kompyuta, nikafifisha nyuma, nikageuza kioo upande wake.

Alikuwepo. Yule bwana alikuwa amesimama kwenye ukungu, amelainika, na mkono wake umetua begani kwa shangazi, juu ya baibui lililopigwa pasi. Shangazi alivaa miwani. Akatazama muda mrefu.

"Na mimi ninaye," alisema.

Kisha akanigeukia. "Hiyo ifute sasa hivi, nikiona. Mume wangu yuko hai."

Nikaifuta akiona. Akamshika mama wa binti mkono, wakaombana radhi pale pale mlangoni, wakapanda bodaboda mbili kuelekea Gungu kumwambia binti. Mimi nikakaa chini. Mjomba alikuwa akiosha brashi.

Kumbe yule binti, ambaye wote tulikuwa tukimpigania, hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Alikuja mwenyewe Jumamosi. Nilimwomba msamaha, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe sina ugomvi nawe, dada," alisema. "Wala shangazi. Shangazi ameuliza. Mchumba wangu ndiye hakuuliza. Alipokea ile sauti akanitumia kama ilivyo, hakuongeza hata neno moja. Siku tano kimya. Sasa ananiandikia eti mambo yameisha."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia kwangu hayajaanza. Apande treni."

Alipanda treni. Nasikia alifika Gungu na begi moja akakalishwa uani kwenye kiti cha plastiki toka asubuhi, binti akafua nguo zote za nyumba nzima kabla ya kwenda kumsikiliza. Walizungumza nini sijui. Siku ya pili yule kijana akaja studio, akajitambulisha, akaomba kumwona "huyo jamaa." Akasimama mbele ya pazia akimtazama, na naweza kuapa alikuwa anapima nani mrefu zaidi.

Mjomba akamsogelea. "Umemwona. Ana kosa gani?"

"Hana, mzee," kijana alisema. "Kosa ni langu."

Walioana baada ya binti kumaliza chuo, kwa sababu alisema atamaliza kwanza, na hakuna aliyethubutu kubisha. Picha za harusi walipigia ufukweni Bangwe, na mpiga picha alikuwa mtu mwingine. Siwalaumu.

Mwanamume wa sasa si yule wa zamani. Mikono ile ilimtoa mzee zaidi, ameinama kidogo, na kofia kweli iko juu mno. Wateja bado wanalalamika. Mimi bado nafifisha nyuma, lakini siku hizi namwonyesha mteja picha zote mbili, yenye ukungu na isiyo nao, kabla hajatoka mlangoni, na nagombana naye achague.

Mjomba hakuwahi kunigombeza kwa kile kijani. Alichofanya ni kunipa brashi na kipande cha marekani, akaniambia mtu anayetaka kufuta ajue kwanza kuchora. Kila Ijumaa, akirudi kutoka msikitini na wateja wakiwa wachache, ananikalisha nichore majani ya ile miti ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Anasimama nyuma yangu, anapumua. Namwambia yanafanana na ya kwake. Ananiambia hayafanani. Wiki iliyopita amenifutisha tawi zima nianze upya, na wakati nafuta akanisogezea taa upande wa kushoto, nikajikwaa kwenye waya.